Kopo la Khamala

Nilimkataza mara tatu. Mara ya kwanza nilimkataza pale kibandani kwake Kibera, katikati ya makelele ya nyundo na bati. Mara ya pili nilimkataza Jumatano, aliponisindikiza hadi Riruta. Mara ya tatu nilimtuma Rosebella, jirani yake, amwambie neno kwa neno: "Wangoi anasema Jumapili uje na suti, uje na mzee wako, uje na adabu. Lile kopo libaki Kibera." Basi Jumapili saa nane mchana nikachungulia dirishani, nikamwona Khamala anapanda kwetu na suti ya kuazima, na chini ya kwapa, limefungwa kwa gazeti, lile kopo.

Sikio la kufa halisikii dawa. Jameni, huyu mwanamume!

Wacha niwaeleze hilo kopo, mjue hasira yangu ilitoka wapi. Khamala ni fundi wa bati. Anatengeneza majiko, karai, koroboi na masanduku ya wanafunzi. Tulijuana nilipompelekea pasi yangu ya makaa, maana mimi ni fundi wa cherehani pale sokoni Kawangware na kipini kilikuwa kimeng'oka. Badala ya kuitengeneza pasi, akatoa kifungo cha shati sikioni mwangu. Nikamwambia, "Mimi nimeleta pasi, sikuleta masikio." Akacheka, na huko kucheka kwake ndiko kulikonimaliza, ingawa sikumwambia hivyo kwa miezi minne mizima.

Kopo lenyewe ni kubwa, la mafuta ya kupikia, na lina mfuniko wake mrefu alioutengeneza kwa mkono. Mbele ya watu anatia unga, anatia sukari, anavunja yai, anakoroga. Anafunika. Anasema maneno yake ya upuuzi. Akifunua, unga hakuna, kopo limejaa mandazi. Siri ni kwamba ndani ya mfuniko amebana kopo la pili, dogo kidogo, lenye mandazi tangu asubuhi. Akifunika, hilo la pili linashuka juu ya ule uji wa unga, na akifunua linabaki humo. Ni hivyo tu. Mimi mwenyewe ndiye nilimshonea kitambaa cha kuzuia makopo yasigongane, kwa hivyo dhambi nyingine ni yangu.

Lakini kwetu si Kibera. Baba yangu, Mzee Ephantus Waithaka, ni mwenye ploti ya nyumba za kupangisha na mzee wa kanisa, na kwake kitu chochote kinachoingia unga na kutoka mandazi ni cha shetani. Isitoshe, Khamala alikuwa ameshaanza na mizigo miwili kichwani: alitoka Mumias, si mtu wa kabila letu, na alikuwa mpangaji. "Mpangaji ni mpangaji," Baba husema. "Leo yuko, kesho amefunga godoro." Nililia wiki tatu ndipo akakubali kumwona. Mara moja tu. "Akinipendeza, atatuma wazee wake, tuongee. Asiponipendeza, Jumamosi watu wa Kihara wanakuja hapa, na ni wewe utawapikia, na hutanuna."

Kihara ana duka la mbao Riruta na anaongea na mimi kama mtu anayepima ubao. Sasa mnaelewa kwa nini nilitaka siku ile iende sawa.

Nikatoka mbio hadi langoni. "Khamala. Hiyo ni nini?"

"Kopo," akasema, kwa upole kabisa.

"Naona ni kopo! Nilikwambia nini?"

"Uliniambia nije na suti. Suti hii hapa."

Aliyekuja naye, Mzee Ndeti, mdosi wake pale kibandani, Mkamba mnene aliyemwazima ile suti, alikohoa akatazama mabati ya nyumba zetu. "Na mjomba wako Wesonga yuko wapi?" nikauliza. "Si ndiye alikuwa aje?"

"Amepata matanga, amerudi nyumbani jana. Mzee Ndeti amekubali kunisimamia."

"Mimi naweza kusimamia mtu yeyote," Mzee Ndeti akasema. Ngai, nipe subira.

Kabla sijamnyang'anya lile kopo, Mama akatokea mlangoni. Mama yangu, Mumbi, alikuwa amevaa ile nguo ya maua anayoivaa Krismasi, na hapo nikajua yeye ameshakuwa upande wangu. Akateremka ngazi na mkono ameunyoosha kutoka mbali, anacheka. "Karibu, mwanangu, karibu kwetu."

Khamala akalikumbatia kopo kwa mikono yote miwili kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Akainamisha kichwa. Akasalimia ardhi. "Hamjambo hapa," akasema, kisha akampita Mama kwa mbali, akizunguka karibu aingie kwenye maua. Mkono wa Mama ukabaki hewani. Mzee Ndeti akaudaka haraka akautikisa mara kumi, na Mama akatabasamu, lakini mimi niliona. Nikajiambia, ni woga tu. Nikajiambia, nitamuua baadaye.

Ndani tulikuwa tumepika tangu alfajiri. Waru na njegere, chapati, na jogoo wa Mama mwenyewe. Shangazi yangu, Tata Njambi, alikuwa amekaa karibu na redio akimkagua mgeni kuanzia viatu. Mama akampakulia Khamala sahani akaweka paja la kuku juu, kisha akaketi kiti kilicho mbele yake amtazame akila. Khamala akasogeza kiti chake hadi kikagusa ukuta. Hakula. Alitazama ile sahani kama inadaiwa maelezo.

"Kijana, kwenu ni wapi?" Baba akaanza.

"Mumias, mzee."

"Na hapa Nairobi?"

"Kibera."

"Hiyo nyumba ni yako?"

"Hapana, mzee. Nimepanga."

"Hm," Baba akasema. Hiyo hm ya Baba imewahi kufukuza walimu wawili na karani mmoja.

"Mbona hali?" Tata Njambi akauliza kwa sauti, kama Khamala hayupo. "Kwani chakula cha hapa kina wadudu?"

"Ameshiba, labda," Mama akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nimeshiba kwa furaha," Khamala akasema, akitazama dirisha. Dirisha! Mama amekaa hapo mbele na yeye anaongea na dirisha. Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Akakohoa, akasema, "Mzee, nimewaletea mchezo kidogo."

Nikamtolea macho. Nilimtolea macho hadi yakauma. Yeye akafungua gazeti.

"Mchezo gani?" Baba akasema. "Hapa leo ni Jumapili."

"Si uchawi, mzee. Ni kiinimacho tu. Ni bati na mkono."

Na sasa sikilizeni jambo la ajabu: ilienda vizuri. Alipokunja mikono ya ile suti akashika kopo, Khamala akawa Khamala wangu. Macho yakang'aa, sauti ikatoka. Aliomba unga, Tata Njambi mwenyewe akakimbia kuuleta. Alivunja yai kwa mkono mmoja. Alimwambia Baba, "Mzee, hebu angalia ndani, kuna mandazi?" na Baba, mzee wa kanisa, akainama akachungulia. "Hakuna," Baba akasema kwa uzito, kama shahidi kortini. Mama alicheka. Mama yangu huwa hacheki mbele ya wageni, hufunika mdomo, lakini siku ile alicheka meno yote yakaonekana. Nikaanza kufikiri labda mimi ndiye mjinga, labda kopo lilikuwa wazo zuri. Nilimtazama Khamala akifunika mfuniko wake, nikamtamani mbele ya wazazi wangu bila haya.

"Sasa," akasema, "nataka mtu mmoja aweke mkono juu, ahesabu hadi tatu." Akamtazama Baba.

Baba akajivuta nyuma. "Mimi? La."

"Mimi nitaweka!" Mama akasema. Akasimama, akapangusa mkono wake kwenye nguo, akaunyoosha.

Khamala alikuwa bado ameshika mfuniko. Vidole vya Mama vilipokuwa karibu kugusa vyake, yule mwanamume aliruka nyuma kama aliyeona nyoka. Kiwiko kikagonga meza. Kopo likaenda juu, mfuniko ukaenda kwa redio, kopo la pili likatoka likabingirika sakafuni, na mandazi yakafuata moja moja. Uji wa unga ukamwagika wote juu ya viatu vya Baba, vile vyeusi vya kanisani.

Mama alikuwa bado amenyoosha mkono. Akautazama, akaugeuza, akautazama upande wa pili.

"Nimeelewa," akasema polepole. "Tangu pale nje nilikuwa nadhani ni bahati mbaya. Miaka kumi na miwili nilifanya kazi kwa memsahib mmoja wa Kizungu, na alikuwa akitaka kunipa kitu anakiweka mezani, mimi nakichukua, ili tusigusane. Nilimzoea. Sikujua nitaletewa mwingine na mtoto wangu." Akaketi.

Baba hakupandisha sauti. Alitoa leso, akavua kiatu kimoja, akaanza kukipangusa. "Wangoi," akasema, "Jumamosi utahitaji mchele kiasi gani?"

Wahenga walisema akufukuzaye hakuambii toka. Khamala akasimama, akatoka. Mzee Ndeti akabaki pale, mdomo wazi na chapati mkononi.

Nilimfuata. Nilimpata karibu na bomba la maji, na wanawake wote wa foleni wakageuka, wakasahau mitungi. Sikujali.

"Simama! Wewe, simama hapo!"

Akasimama. "Wangoi, wacha nikueleze."

"Unieleze nini? Mama yangu ananuka? Ana ukoma? Amechinja jogoo wake kwa ajili yako, wewe unaongea na dirisha! Ningekwambia nini kingine? Nilikukataza kopo, ukaleta kopo. Kwa nini ulilileta? Niambie kitu kimoja tu cha maana, halafu nikuache uende zako."

"Ili mikono yangu iwe na kazi."

"Nini?"

Akaangalia wale wanawake wa mitungi, akashusha sauti. "Mama wa mke wako hupeani naye mkono. Kwetu haiwezekani. Humgusi, hukai karibu naye, huli akikutazama. Hata mkikutana njiani, wewe unaingia majanini kumpisha. Ndiyo heshima yenyewe. Nilifikiri, nikibeba kitu cha mikono miwili, hatasikitika nisipomsalimia. Na nikifanya mchezo, mtaangalia kopo, hamtaangalia sahani yangu. Nilipanga mzee ndiye aweke mkono."

Nilimtazama. Nilitaka kumpiga, nilitaka kumkumbatia, na sikujua nianze na lipi. "Na hukuniambia! Miezi yote hii, hukuniambia!"

"Kumtajataja mama mkwe ni aibu. Na nilijua unajua. Kila mtu anajua! Kwani nyinyi hapa mnashikana mikono na mama mkwe hivi hivi, kama watu wa sokoni?"

"Ndiyo! Tunashikana! Tunakumbatiana hata!"

Khamala akashtuka kweli, akashika kichwa. "Mungu wangu."

"Na huyu Mzee Ndeti wako, si angesema?"

"Ndeti ni Mkamba, angejuaje? Mjomba ndiye angesema. Hiyo ilikuwa kazi ya mjomba."

"Rudi basi ukawaambie."

"Mbele yake? Siwezi, Wangoi. Ulimi wenyewe hautatoka."

"Ngai fafa! Mwanamume anatoa vifungo masikioni mwa watu, ulimi wake mwenyewe hawezi kuutoa!" Nikamshika mkono wa suti nikamburuta hadi langoni. "Kaa hapa. Usiondoke, usiguse kitu, usifanye mchezo wowote. Nitasema mimi."

Nikasema. Nilisema nikiwa nimesimama katikati ya mandazi, pumzi zimenipanda, nikieleza mambo ya Mumias ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeyajua dakika tano tu zilizopita. Tata Njambi alipiga makofi ya mshangao. Mzee Ndeti akacheka hadi akapaliwa. "Kumbe kijana ameshaoa tangu pale langoni, na sisi bado tunasalimiana!"

Baba hakucheka. "Mimi sijasema ndiyo. Nani amempa ruhusa ya kumfanya mke wangu mama mkwe?"

"Baba, ni heshima."

"Au ni kiinimacho kingine. Mtu mwenye kopo la sakafu mbili, nitajuaje maneno yake yana sakafu ngapi?" Akavaa kiatu chake, bado kina unga. "Mwite. Kila mtu hufuata desturi ya nyumba aliyoingia. Aje hapa, amshike mama yako mkono, amwombe radhi kama watu wanavyoombana radhi, nami nitasahau hii takataka yote. Akikataa, aende, na asirudi."

Nilishusha pumzi. Kumbe ni hilo tu! Mkono mmoja, sekunde moja, na Kihara apeleke mbao zake kwingine. Nikamwita Khamala, akaja akasimama kizingitini, kichwa chini. Baba akamweleza. Mama akasimama kutoka kitini pake. Aliunyoosha mkono wake tena, mara ya tatu siku ile.

Mshike, nikamwambia kwa macho. Mshike, mjinga wewe, tumalize.

Khamala alitazama miguu yake. "Mzee," akasema, "nitume kazi yoyote. Niambie niezeke hizi nyumba zako zote kwa bati, nitaezeka. Nitapiga magoti hapa nimwombe mama radhi, kwa maana nimemuumiza na sikutaka. Lakini mkono siwezi."

"Ni mkono tu, kijana."

"Ndiyo, mzee. Nikiushika, huyu mama atakuwa mama wa mtu mwingine. Nitakuwa nimesema Wangoi si mke wangu. Sikuja mbali hivi ili niseme hivyo." "Unifukuze tu. Afadhali unifukuze nikiwa sijamkana."

Akapiga magoti pale kizingitini, mbali naye, na ile suti ya Mzee Ndeti ikaingia ndani ya unga uliokuwa umetiririka hadi hapo.

Nimesema mengi juu ya huyu mtu, na mengi nitasema tena, maana ananichosha, ananichosha hadi mifupa. Lakini alikuwa amepewa njia rahisi ya kunipata, njia ya sekunde moja, na hakuichukua, kwa sababu kwake njia hiyo ilipita kwa kunikana. Nililia. Sikufunika uso, nililia hivyo hivyo mbele ya Tata Njambi.

"Basi umesema," Baba akamwambia, akainuka. "Nenda salama."

"Ephantus, ngoja," Mama akasema.

Akautazama mkono wake. Akaurudisha taratibu, akauficha chini ya shuka aliyojifunga. Akachukua sahani yake mezani kwa mkono wa pili, akageuka bila kumwangalia Khamala, akatoka kwa mlango wa nyuma hadi jikoni. Tukasikia akivuta kigoda. Tukasikia akiusukuma mlango wa jikoni hadi ukafungika.

"Mama Wangoi!" Baba akaita. "Unaenda wapi? Tunaongea!"

"Ongeeni," Mama akajibu kutoka huko. "Wangoi! Mwambie mkwe wangu ainuke kutoka kwenye huo unga, akae kitini."

"Mumbi, mimi sijakubali!"

"Wewe kula, chakula kinapoa. Wangoi, unanisikia? Mwambie sahani yake iko pale pale. Mwambie ale ashibe. Mimi simwoni."